Salimia Gunzi Kwanza

Marahaba. Wale ambao hawajaniamkia, waniamkie hapo walipo, kwa sauti, halafu waendelee kusoma. Nasubiri.

Haya. Sianzi hivyo kwa sababu ya kiburi, ingawa kiburi ninacho na nimekitafuta kwa jasho. Naanza hivyo kwa sababu kazi niliyoifanya miaka yangu ya mwisho kabla ya kupumzika, ile ya kutoa madini mabaya kwenye maji kwa kutumia magunzi ya mahindi, ukiikamua yote ibaki neno moja, neno lenyewe ni kusalimia. Mtaona huko mbele. Asiye na subira akachezee simu yake.

Mimi ni Fundi Januari. Darasa la tatu nililimaliza, la nne likanimaliza mimi. Lakini nimechimba visima toka Mpui mpaka Laela, na pampu za mkono nazifungua nikiwa nimefumba macho. Ukinywa maji ya huku kwetu tumbo likatulia, huyo ni mimi. Likivuruga, ulizia fundi mwingine.

Nyinyi mnaokuja siku hizi na vyeti, mnaniuliza, "Mzee, ulijifunzia wapi?" Nilijifunza kwa kukosea. Nimekosea mambo mengi kuliko mliyosomeshwa, na kosa la kwanza lilikuwa kuandika jina langu.

Kisima changu cha kwanza nilikichimba kijijini kwetu, upande wa Mpui. Nilipomaliza kumwaga zege la mfuniko, kabla halijakauka, nikachukua msumari nikaandika FUNDI JANUARI kwa herufi kubwa. Herufi N mbili zote zilitazama upande usiofaa, lakini zilikuwa zangu. Kijiji kizima hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye jina lake limeandikwa kwenye zege. Miaka ikapita, wanawake wakawa wanaweka ndoo zao juu ya jina langu kila asubuhi, na mimi nikipita pale natembea kwa maringo kama jogoo aliyeoga.

Sasa mwaka mmoja, kilimo kikiwa kimekwisha, akaja binti wa maabara ya maji, anaitwa Tumaini. Mdogo, mwembamba, ana miwani, ana begi la chupa. Akachukua maji ya kisima changu, akaondoka. Baada ya wiki kadhaa akarudi, tukaitwa mkutano. Mwenyekiti wetu Osward akavaa koti lake la mikutano, lile ambalo mikono inamfika kwenye viwiko.

Tumaini akasimama, akasoma karatasi yake.

"Shikamooni wazee. Majibu yametoka. Maji ya kisima chenu yana risasi."

Kuna mtu anaitwa Kasiani, rafiki yangu, aliwahi kupitia mgambo. Bunduki hajawahi kuishika, alipewa kirungu tu, lakini mafunzo yalimwingia. Akapiga kelele, "Laleni chini!" na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kulala. Nusu ya mkutano ikalala. Mimi nikalala juu ya mtu ambaye mpaka leo simjui.

Mwenyekiti akauliza kutoka chini ya meza, "Risasi ngapi, mtaalamu?"

"Si nyingi kwa kila lita," akajibu Tumaini, naye anashangaa watu wameenda wapi, "lakini imezidi kiwango kinachoruhusiwa."

Hapo akasimama Mama Skolastika. Huyu ndiye mpika pombe wetu mkuu, kimpumu chake cha ulezi kinafuatwa na watu wa mbali, na haogopi mtu. "Kumbe kuna kiwango kinachoruhusiwa?" akafoka. "Yaani sisi tupigwe risasi, ila kidogo?"

"Mama, si risasi ya bunduki. Ni madini. Yale mazito, ya kijivu, laini. Yamo kwenye betri kuukuu za magari."

Watu wakainuka mmoja mmoja, wanajipangusa vumbi. Halafu, kama tuliopangwa, wote tukageuka kumtazama Salvatory. Salvatory akatazama paa.

Huyu Salvatory alikuwa na kazi yake. Ananunua betri zilizokufa huko mjini Sumbawanga, anazibomoa, anayeyusha kilichomo, anamimina vipande vya kuzamishia nyavu. Wavuvi wa kule Kaoze, bondeni Ziwa Rukwa, walikuwa wanampenda kuliko wake zao. Na kiwanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, juu tu ya kisima changu, na maji ya betri anayamwaga mtaroni kama maji ya kuoshea vyombo.

"Mimi sijampiga mtu," akasema Salvatory.

Tumaini hakucheka. Akatueleza kwamba madini hayo hayana ladha wala harufu, yanaingia mwilini polepole, na mtoto akiyanywa kwa muda mrefu yanamharibu ubongo, hata shule haielewi. Hapo nasi tukaacha kucheka. Kila mtu akatafuta wanawe kwa macho.

Kuna bibi mmoja akasema yeye hana wasiwasi, maji yake anachemsha. Tumaini akamwambia, "Bibi, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Risasi haiondoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

"Sikiliza," Kasiani akamnong'oneza bibi, "ukichemsha unakunywa risasi za moto."

Lishikeni hilo, vijana. Kasiani alilisema kwa ujinga lakini ni kweli.

Uamuzi ukawa hivi. Kiwanda cha Salvatory kifungwe na udongo wake mchafu uchotwe uondolewe. Maji ya kisima yasinywewe wala yasipikiwe. Tumaini atarudi kabla ya mvua kuanza. Akikuta tumepata njia ya kuyasafisha na tunaweza kuitunza, kisima kitabaki. Akikuta hatuna, kisima kitajazwa udongo na kuzibwa kwa zege. Mwenyekiti, kwa kuwa ni mtu wa kujiandaa, akaleta mifuko ya saruji kutoka Mpui wiki ileile.

Kwa wanawake maana yake ilikuwa chemchemi ya bondeni. Kushuka unashuka vizuri, kupanda na ndoo unapanda unataja watakatifu wote. Mke wangu alienda siku ya kwanza, akarudi, akatua ndoo, akaniambia, "Baba Regina, mimi sitazeekea kwenye ule mlima. Fanya kitu."

Na kwangu mimi kulikuwa na jambo jingine juu ya hilo. Hebu fikirini. Shimo limejazwa udongo, juu yake zege, juu ya zege limeandikwa FUNDI JANUARI. Hicho ni nini?

"Litakuwa kaburi zuri," akasema Kasiani. "Limebaki kuchorwa msalaba."

Maneno yakasambaa. Jirani mmoja akatuletea unga wa ulezi, akampa mke wangu mkono, "Poleni na msiba." Nikatoka ndani, nikamuuliza, "Nani amekufa?" Akanitazama, akamtazama mke wangu, akasema, "Basi mpe unga ale mwenyewe." Nikaula. Nimekula ugali wa matanga yangu, vijana, na nilirudia sahani.

Sasa nikaingia kazini. Kosa la pili. Nikajiambia, risasi ni chuma, chuma kinashikwa na sumaku. Nikapasua redio yangu ya zamani, nikatoa sumaku ya spika, nikaifunga kamba, nikavua nayo kisimani siku mbili mfululizo kama mvuvi. Nikapata kijiko. Nikapata ndoano ya ndoo. Nikapata kufuli la Mwenyekiti, lile ambalo alikuwa amemsingizia Kasiani wizi miaka mingi, ikabidi aombe radhi hadharani na koti lake. Risasi sikupata hata moja.

Nikampigia Tumaini.

"Babu," akasema, na nikasikia anaziba mdomo asicheke, "risasi haishikwi na sumaku. Halafu imeyeyuka, haionekani."

"Sasa mwanangu, mtu anakishikaje kitu kisichoonekana?"

"Kwa takataka za shambani. Magunzi, maganda ya karanga, pumba. Ndivyo vinavyotumika kwenye majaribio. Magunzi mnayo?"

Nikadhani ananitukana. Kumuuliza Mfipa kama ana magunzi! Baada ya kupukuchua mahindi, huku kwetu magunzi yanajaa mpaka kuku wanapotea. Akanieleza kwamba gunzi, ukilitazama kwa kifaa chao, lina kama mikono midogo isiyohesabika, na risasi ikipita inashikwa ikabaki pale. Nikakata simu nikalitazama gunzi kwa heshima mpya.

Shida ni kwamba gunzi kwetu lina kazi mbili. Moja ni ya jikoni. Ya pili ni ya nyuma ya nyumba, ukiwa umechuchumaa, na mnaijua, msijifanye mmezaliwa na karatasi laini mkononi. Kwa hiyo nilipopita nyumba kwa nyumba nakusanya magunzi nikisema ni ya kusafishia maji ya kunywa, kila mlango naulizwa swali lilelile: "Unataka mapya, au yaliyokwisha kazi?"

Nikatafuta pipa la plastiki, nikatoboa chini, nikafunga koki. Nikalijaza magunzi mazima. Nikapampu maji, nikamwaga juu, yakatoka chini mbio hata magunzi hayajalowa. Nikaona kazi imekwisha, nikaliacha pipa limejaa maji juani. Baada ya siku nne pipa likaanza kuongea. Bwu, bwu, bwu. Povu juu, harufu mpaka barabarani. Walevi wawili wakaja na vikombe vyao.

Mama Skolastika akaja naye. Akanusa. Akachovya kidole, akakitazama, akakifuta kwenye shati langu.

"Wewe Januari. Umepika pombe mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, tena bila kukusudia."

"Mama, nachuja risasi."

"Unachuja nini na magunzi mazima? Mimi ulezi wangu natia mzima? Magunzi umeyaosha?"

"Sijayaosha."

"Umeyasaga?"

"Sijayasaga."

"Basi kaa chini, na usiniambie wewe ni fundi."

Nikakaa. Vijana, sikilizeni vizuri, kwa sababu huyu mama hakuingia hata hilo darasa la tatu langu, na yeye ndiye aliyenifundisha. Kila alichojua kilitoka kwenye pombe. Tumaini kwenye simu anasema kitaalamu, mimi sielewi. Mama Skolastika anasema, "Aa, kama kuosha kimea," ninaelewa. Tukafanya hivi.

Gunzi liwe kavu, safi, lisilo na ukungu, na liwe lile ambalo halijawahi kwenda nyuma ya nyumba. Unalitwanga kwenye kinu mpaka linakuwa chenga, ukubwa wa chembe ya mchele. Likiwa unga, linaziba pipa na maji hayapiti. Likiwa mapande, maji yanapita bila kuguswa. Chekecha. Halafu osha kwa maji ya moto, mwaga, osha tena, mpaka maji yanatoka meupe bila rangi ya chai. Hiyo rangi ndiyo inayochacha. Kisha loweka kwenye maji ya malimao siku nzima. Tumaini alisema uchachu unaongeza ile mikono midogo ya gunzi. Mimi niliongeza malimao mpaka mke wangu akakosa la kutia kwenye chai. Baada ya hapo suuza, suuza, suuza. Unaonja maji ya suuzo: yakiwa bado machachu kwa limao, hujamaliza. Anika.

Kwenye pipa, chini kokoto, juu yake mchanga uliooshwa, kitambaa, halafu chenga za magunzi kwa wingi, kitambaa tena, mchanga kidogo wa kuzikandamiza zisielee. Hapo una chujio.

Sasa nimefika pale nilipowaahidi.

Kazi ya kufungua koki nilimpa Kasiani. Kasiani hana subira. Anafungua koki yote, maji yanaruka, ndoo inajaa, anasema, "Tayari!" Nikapeleka chupa mjini kwa Tumaini, jibu likarudi: risasi imepungua, lakini bado imezidi. Nikarudia kuosha magunzi. Bado. Nikarudia malimao. Bado. Nikaanza kulala saa za mchana, mke wangu akaanza kunitazama kama mtu anayepima urefu wa sanda.

Siku moja nimekaa na Mama Skolastika karibu na pipa, akapita kijana mmoja wa mjini, amekuja kusalimia ndugu zake. Hakusimama. Akapunga mkono: "Mambo, wazee? Poa!" Ameuliza mwenyewe, amejibu mwenyewe, ameshapita.

Mama Skolastika akasonya mpaka kuku wakaruka. "Huyo amenisalimia?"

"Amepita tu, Mama."

"Hata jina langu hajui. Hata sura yangu hajaiona. Kesho ukimuuliza umemwona Skolastika, atasema nani?"

Ndipo nikaitazama koki ya Kasiani, maji yanatoka mbio, na kichwa changu kikawaka.

Nyinyi mnajua Mfipa wa zamani anavyosalimia. Hapiti. Anasimama, anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza umelalaje, anauliza nyumbani, anauliza watoto, anauliza mifugo, na wewe unajibu yote. Mpaka mkimaliza, kama ulikuwa na kitu mfukoni ameshakiona. Maji yangu yalikuwa yanasalimia kama yule kijana. Mambo, poa, yamepita. Gunzi lina mikono yote hiyo, lakini halijapewa nafasi hata ya kuinyoosha!

Nikaifunga koki mpaka maji yakatoka kama uzi wa kushonea. Kasiani akalalamika, "Fundi, ndoo itajaa lini?"

"Maji yako kwenye salamu. Hayajafika hata kwa mifugo."

Ndoo ilijaa baada ya muda ambao zamani ningejaza sita. Kwa hiyo tukafunga mapipa mengine, watu wasipange foleni. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi yangu, nimewapa bure. Maji yalisalimie kila gunzi, kikamilifu. Ukiona koki inaruka, mtu amedanganywa.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeonekana mtu mwerevu sana. Haikuishia hapo.

Tumaini alikuwa ameniambia mapema: "Babu, magunzi yakishashika risasi yanajaa, kama gunia. Utayatoa, utaweka mapya. Ya zamani usiyatupe shambani, usiwape mifugo, na usichome hata kidogo. Ukichoma, risasi yote inarudi kwa moshi na majivu. Yaweke mahali salama, nikija tutayazika."

Nikasema sawa. Nikamwambia Kasiani, nikamwambia Mwenyekiti, nikamwambia mke wangu. Siku tatu kabla Tumaini hajaja kupima kwa mara ya mwisho, nikayatoa magunzi yaliyochoka, yamelowa chapachapa.

Hapa sijielewi mpaka leo. Mtu wa Ufipa akiona gunzi bichi, mkono wake unafanya nini? Unaanika. Mkono wangu ukachukua mkeka, ukayatandaza juani vizuri, ukayageuza mchana ili yakauke pande zote. Kichwa hakikushirikishwa. Na mtu wa Ufipa akiona magunzi makavu yametandazwa njiani, anafanya nini? Mnajua jibu. Na mtu niliyepaswa kumwambia wa kwanza habari ya kutochoma sikumwambia, kwa sababu nilimwona ni mwalimu wangu, anajua kila kitu.

Tumaini akafika. Akachukua maji ya pampu kwenye chupa moja, maji ya koki kwenye chupa nyingine, akaandika. Akatazama mapipa, akaandika. Uso wake ulikuwa mzuri. Mwenyekiti amevaa koti. Mifuko ya saruji imepangwa pembeni ya kisima, inanisubiri.

"Babu, umefanya kazi kubwa. Yale yaliyotumika yako wapi?"

"Yale pale," nikasema, nikanyoosha kidole kwenye mkeka.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona moshi juu ya banda la Mama Skolastika. Siku ya pombe. Banda limejaa. Na mama huyu, kwa chenga, ana jiko lake la pumba, lile unaloshindilia mpaka linajaa, unaacha tundu katikati, unawasha, linapika kutwa.

Sijakimbia hivyo tangu nilipofukuzwa na nyuki kule Laela. Kiatu kimoja kilibaki kisimani. Tumaini nyuma yangu na kalamu mkononi, Mwenyekiti nyuma yake, koti linapepea. Nikaingia bandani, nikamwona Mama Skolastika amepiga magoti mbele ya jiko lililoshindiliwa chenga zangu mpaka juu, na kiberiti kinawaka mkononi mwake. Moshi ulikuwa wa jiko la pembeni, la kuni.

Nilitaka kusema maneno mengi. Likatoka moja.

"Risasi!"

Kasiani, ambaye alikuwa amewahi kikombe chake cha kwanza, akapiga kelele, "Laleni chini!" Banda zima likalala. Mabenchi, vikombe, mirija, watu, vyote chini. Mwenyekiti aliingia ndipo akalala, na Kasiani akalala juu yake. Mtu mmoja akatoka na ukuta wa mabua.

Mama Skolastika peke yake hakulala. Kiberiti kikamuunguza kidole, akakitupa pembeni, akachukua mwiko, akasimama.

"Anayetaka kunipiga risasi aje. Nampiga mwiko kwanza."

"Mama," nikasema, nahema, "ni hayo magunzi. Ndiyo yenye risasi. Ungeyawasha, yote ingetoka kwa moshi."

Akalitazama jiko. Akautazama mwiko. Halafu akanipiga nao.

"Unaanika risasi kwenye mkeka kama dagaa, halafu huniambii!"

Tumaini alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka safari hii. Akasema taratibu, "Wazee, hii ndiyo naogopa. Hata kama maji yatakuwa safi, kama hamwezi kutunza yaliyotumika, siwezi kuandika kisima kibaki. Nani atahakikisha hayachomwi?"

Mimi ndiye niliyeyaanika. Nikaona kabisa jina langu kwenye zege, na msalaba.

"Mimi," akasema Mama Skolastika.

"Wewe, Mama?"

"Mwanangu, kijiji hiki hakuna gunzi linalochomwa bila mimi kujua. Nusu yake naliomba mimi. Huyu fundi anajua kutoa risasi kwenye maji. Mimi nitaitoa mikononi mwake." Akageukia watu walio chini. "Na yeyote atakayegusa magunzi ya pipa, hanywi kimpumu kwangu mpaka afe. Mmesikia?"

Kutoka chini ya mabenchi zikaja sauti kama za misa: "Tumesikia."

Tumaini akatazama ule umati uliolala, akafikiri kidogo, akaandika. Sikuona alichoandika, na hata ningeona, mwandiko wake ulikuwa wa daktari.

Majibu yalikuja baada ya siku nyingi kidogo, kwa simu. Tukaweka simu juu ya pipa, sauti imefunguliwa, watu wamezunguka. "Maji ya pampu bado yana risasi," akasema Tumaini, na mke wangu akanishika mkono kwa nguvu. "Maji yaliyopita kwenye magunzi yako chini ya kiwango. Kisima kibaki. Nitapima mara kwa mara, na magunzi mbadilishe kwa ratiba nitakayowapa. Na maji ya kunywa bado mchemshe, gunzi halizuii kuhara."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka Salvatory akatoka nje kuangalia nani anaolewa. Siku hizi anatengeneza majembe.

Saruji ya Mwenyekiti haikupotea. Tulichimba shimo mbali na kisima, mbali na mashamba, kama Tumaini alivyoelekeza, tukalijengea chini na pembeni, tukalitia mfuniko mzito. Magunzi yaliyochoka yanalala humo, na ufunguo wa mfuniko anavaa Mama Skolastika shingoni pamoja na rozari. Na mimi, zege likiwa bado bichi, na msumari nikiwa nao mfukoni, nikaona pasibaki bila maandishi. Nikaandika: RISASI ZIMEFICHWA HAPA. USICHIMBE.

Wiki iliyofuata wakaja askari wawili kwa pikipiki. Wakaamuru mfuniko ufunguliwe, wakachakura, wakakuta magunzi. Nilieleza kuanzia sumaku mpaka mwiko. Mmoja akaniambia kwa miaka yake yote ya kazi hajawahi kukamata gunzi. Mama Skolastika, aliyewafungulia mfuniko, akawasimamia warudishe chenga zote moja moja, wakanawa mikono mara mbili, ndipo akawaruhusu waende.

Basi kazi ni yenu sasa. Mikono yangu inatetemeka, na chenga siwezi tena kuitofautisha na unga. Gunzi likishajaa linatolewa, nami nimejitoa mwenyewe kabla sijasukumwa. Msinianike tu.

Jina langu bado liko pale kisimani, N zote zimegeuka, na ndoo zinatuliwa juu yake kila asubuhi. Mkipita pale mfunge koki iwe uzi, msubiri.

Na atakayeondoka hapa bila kuniaga, arudi juu aanze upya na shikamoo.